Kikombe cha Bati cha Masinde

Masinde Nyongesa hajui kudanganya, na kila Jumapili kazi aliyojipa ni kudanganya watu. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nimekaa kuandika sifa zake. Wanaume wasiofaa nimewaona wengi, mmoja nikaolewa naye, lakini mtu aliyeshindwa mbele ya macho yangu kwa miaka minane, kwa kosa lilelile, huku akiapa kwamba kosa ni la kitabu, nimemwona mmoja tu.

Alizaliwa karibu na Webuye, upande wa Kenya, akaja Kampala mwaka wa tisini na saba kumfuata binamu yake aliyekuwa akiuza mabeseni ya plastiki Kawempe. Biashara ilimkataa. Mteja akiuliza, "Hili halitapasuka?" Masinde aligeuza beseni juu chini, akaligonga kwa kidole, kisha akajibu, "Litapasuka, lakini siyo mwaka huu." Binamu alimvumilia miezi mitano. Baadaye Masinde akawa askari wa geti kwenye maghorofa ya Bukoto, na kutoka hapo supamaketi moja ya jirani ikamchukua kukagua risiti mlangoni. Mpaka leo yupo hapo, shati limepigwa pasi, kalamu nyekundu mfukoni, uso wa mtu anayesubiri kuapishwa.

Ukitoka na mfuko wako anachukua risiti, anaisoma mstari kwa mstari, anahesabu vitu, anapiga alama. Hana ndugu, hana rafiki. Mchungaji wake hukaguliwa. Mke wake Nabalayo aliwahi kununua pakiti moja ya chumvi, nayo ikakaguliwa, watu wamejipanga nyuma wanacheka. "Mfuko mmoja ukipita bila kukaguliwa, mwizi ameshajua njia," husema, na kila akisema utadhani ndiyo kwanza limemjia. Mara mbili walitaka kumpandisha cheo aende ofisini, akakataa, eti huko ofisini hakuna mifuko. Mtu wa namna hiyo ungetegemea Jumapili akitoka kanisani alale.

Yeye halali. Zamani zile alipokuwa getini, mgeni mmoja wa ghorofa ya tatu alirudi kwao Ulaya akagawa vitu vyake. Wenzake Masinde waligombea sufuria na pasi. Yeye aliachiwa boksi lenye vitabu vitatu vya picha za majoka, pamoja na madadu ya ajabu, moja lina pande ishirini. Akavisoma hapo getini mchana kutwa kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kisha akaanza kuvitafsiri kwa Kiswahili katika madaftari ya shule, akipigia vichwa vya habari mistari kwa rula. Mtu mzima, mwenye mke na binti anayesoma, Nakhisa.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wanakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, uchawi wake. Mmoja wao ndiye msimamizi. Huyo hana mtu wake. Yeye husimulia dunia nzima, mlango na kilicho nyuma ya mlango, adui, mvua, mbwa, na wengine husema watu wao wanafanya nini. Penye shaka, dadu linarushwa. Mtu wako akifa, amekufa, na karatasi yake inachanwa. Hadithi haina mwisho. Yetu ilianza nikiwa bado na meno yote.

Mimi aliniingiza kwa neno. Kwetu ni Kawempe, lakini babu wa babu yangu alikuja na misafara kutoka pwani, na hadi leo tunauza kanzu, mabuibui na udi, na kaka zangu wanasomesha watoto Kurani nyuma ya duka. Watu wa mtaani wanajua kwamba Kiswahili cha nyumba yetu si cha kuokota. Siku moja akaingia mtu mwembamba na daftari, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza, "Dada, ile kitu unaona na macho na haiko, kwa Kiswahili inaitwa aje?" Nikamwambia inaitwa kiini macho. Akaandika, akapigia mstari kwa rula palepale juu ya kaunta yangu. Nikamwuliza anakitakia nini. Alinieleza kwa nusu saa, wateja wakaondoka. Jumapili iliyofuata nilikuwa sebuleni kwake Bukoto, na nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda kumwona mgonjwa.

Sababu sitaificha. Mwaka huo ndio kwanza nilikuwa nimeachana na mume wangu, Rafiq. Miaka mitatu aliniambia anakwenda vijijini Mubende kununua kahawa, kumbe ana mke mwingine hapahapa, Kyambogo, na Kawempe nzima ilijua isipokuwa mimi. Angeniambia, dini inamruhusu, ningelia nikanyamaza. Hakuniambia. Kwa hiyo Masinde aliponipa karatasi niandike mtu wangu wa kubuni, sikufikiri mara mbili. Niliandika mwanamke anayenusa uchawi, nikamwita Binti Udi. Hana upanga, hana moto wa kutupa. Ana pua. Kila kilichorogwa, kila kiini macho, yeye hukinusa hivihivi ninavyonusa mimi udi uliochanganywa na unga wa mbao. Alikuwa mwanamke ambaye hakuna wa kumdanganya, na alikuwa wangu. Nilimpenda Binti Udi kuliko nilivyowahi kumpenda Rafiq, na kulisema hilo sioni haya.

Hapo ndipo taabu ya Masinde ilipoanzia, maana yeye anapenda viini macho kuliko chakula. Majoka hayamhusu. Raha yake ni kusimulia daraja lisilokuwepo, mfalme ambaye ni kivuli kitupu, bustani iliyotandikwa juu ya shimo, halafu aone nyuso zetu zimepigwa na butwaa. Nyuso zetu hazikupigwa na butwaa hata siku moja. Kila alipotega, mimi nilisema, "Binti Udi ananusa," na kabla chai haijapoa mzee Odur alikuwa ameshatupa jiwe kwenye daraja, nalo limepita katikati likaanguka mtoni.

Odur ni polisi mstaafu, mtu wa Lira, na Kiswahili chake alikipata kambini. Mtu wake wa kubuni ni shujaa wa rungu asiyeuliza maswali. Miaka mingi tulikuwa sisi wawili na watu wa kuja na kuondoka, hadi alipojiunga Acan, msichana anayesomea ualimu wa hesabu Kyambogo, mwenye kalamu tatu na subira ya kuandika kila kinachosemwa.

Sasa nieleze kosa, maana ni kosa la kuchekesha. Ninaponusa, mimi sirushi dadu. Anarusha msimamizi, nyuma ya ukuta wa boksi la televisheni aliousimamisha mezani, kwa kuwa nikiona mwenyewe namba mbaya nitajua pua yangu imeziba na sitaamini jibu. Hiyo ni busara, kitabu ndicho kilichosema. Masinde hurushia dadu lake ndani ya kikombe cha bati. Na kwa kuwa Masinde ni mwaminifu kupita kiasi, akitazama daftari akaona hapo pana kitu cha kweli tu, hakuna kiini macho, harushi. Anajibu moja kwa moja, "Hakuna kitu." Kwake yeye kutikisa dadu bure ni uwongo, na uwongo hautaki. Kwa hiyo kikombe kikilia korokoro, kiini macho kipo. Kikinyamaza, hakipo. Baada ya hapo aseme nimenusa, aseme sikunusa, kazi ilikuwa imekwisha.

Hilo nililigundua mwezi wa pili. Odur alichukua mwaka na nusu, kwa polisi si vibaya. Acan alipokuja tulimnong'oneza siku ya kwanza ili asije akauliza kwa sauti. Akatutazama vibaya, lakini mgeni hana la kusema. Masinde hatukumwambia. Tulikuwa tukishuka ngazi za ghorofa ile tukimwigiza, Odur akitikisa funguo zake mkononi, mimi nikicheka mpaka nashika ukuta. Nyani haoni kundule, nilisema, tena si mara moja.

Yeye alikuwa ameshaamua kwamba uchawi wa kunusa una nguvu kupita kiasi, akaanza kuupunguza. Kwanza, mara tatu tu kwa siku. Haikusaidia. Halafu, hatua kumi tu. Halafu lazima Binti Udi avue viatu. Halafu asiwe amekula nyama. Halafu harufu haipiti ukuta, haipiti pazia, haivuki maji. Jumapili moja alituarifu, uso umemkauka, kwamba mwenye mafua hanusi, akarusha dadu kuona kama Binti Udi ana mafua.

Mwaka wa sita alijaribu hila nyingine. Alitia uchawi katika kila kitu: kuku wamerogwa, sufuria zimerogwa, hata ngazi, ili kiini macho kijifiche katikati ya harufu nyingi. Wazo halikuwa baya, nakiri. Acan alipolisoma baadaye alilisifu. Lakini kuku wa kweli aliyerogwa nilijibiwa papo hapo, "Ananuka," bila dadu, na kuku wa uwongo akarushiwa. Korokoro. Ukurasa mmoja wa kitabu ukawa kurasa arobaini na moja za madaftari, na bado kila Jumapili alishindwa, akabaki anajikuna kidevu kwa kalamu nyekundu. Nilimdharau hadi dharau yenyewe ikawa starehe. Kuna watu huenda sinema. Mimi nilikwenda kumtazama Masinde akishindwa.

Ikaja Jumapili moja ya mwezi wa nne. Nabalayo alikuwa ametuletea chai na mihogo ya kukaanga. Nilikuwa nimetoka kumnusa malkia mmoja, kikombe kimelia, Odur amempiga malkia rungu la kichwa na rungu limepita kwenye hewa. Masinde akafunga daftari, akaweka rula juu yake.

"Nyinyi watu mmenimaliza," akasema. "Miaka nane. Nimejaribu kila kitu. Sasa nimeamua, hii kunusa tunaitoa. Kabisa. Wiki ijayo haiko."

"Binti Udi hana kingine," nikasema. "Ni pua tu."

"Najua, dada Zahara. Utaandika mtu mwingine. Huyu tumshukuru, tumwache aende."

Acan aliweka kalamu chini. "Lakini mzee, hiyo haiko fea. Kama kunusa iko bure na haikosei, kiini macho amekufa, nakubali. Lakini kama hakuna kunusa, sisi tunakuja hapa kufanya nini? Kuanguka tu kwa mashimo yako? Inatakiwa tuweze kujua, na tuweze kukosa. Yote mbili."

"Nimetafuta hiyo katikati," Masinde akasema. "Haiko."

"Mimi, ukiondoa kunusa, narudi kuangalia mpira," akasema Odur.

Niliivuta karatasi ya Binti Udi kwangu, na anayetaka kucheka acheke. Ni mwanamke wa karatasi, najua. Lakini mtu yule alikuwa amekaa mbele yangu na rula yake, anazungumzia kukifuta kitu pekee nilichojitengenezea mwenyewe tangu aibu ile, na anakifuta kwa sababu ya ujinga wake yeye. Njia ya kumwokoa Binti Udi ilikuwa moja tu: kumwambia Masinde habari ya kikombe. Tungepoteza faida yetu, lakini pua bila bati ni bora kuliko kutokuwa na pua. Ningeweza kumwambia kwa upole, faragha, pale ngazini. Sikutaka upole.

"Masinde," nikasema, wala sikumwita mzee wala kaka. "Pale mlangoni kwako unakagua mifuko mingapi?"

"Yote."

"Hata mtupu?"

"Hata mtupu. Mfuko mmoja ukipita bila..."

"Mwizi ameshajua njia. Tumesikia. Sasa hicho kikombe chako unakirushia dadu wakati gani?"

Alinitazama, akatazama kikombe, akanitazama tena. Nilimwona hajaelewa, na kutoelewa kwake kukanipandisha hasira zaidi.

"Unarusha pakiwa na kiini macho tu," nikamwambia. "Pasipokuwa nacho hurushi. Miaka minane tunasikiliza bati lako. Umeandika kurasa arobaini na moja, viatu, nyama, mafua, na mtoto wa chekechea angekaa hapa akakukamata kwa masikio. Kunusa kwangu hakujazidi popote. Kilichopungua ni akili yako. Hufai kumdanganya hata kuku, na nguvu za kubadilisha sheria za watu unazo."

Odur akakohoa. Nabalayo, aliyekuwa akikusanya vikombe vya chai, akasimama na sinia mkononi. "Dada," akasema polepole, "hapa ni kwake."

 Masinde alikigeuza kikombe, akakitikisa kitupu karibu na sikio lake, akakiweka. "Na wewe, mzee Odur, ulijua?"

"Mimi nilijua kidogo," akasema Odur, akitazama mihogo.

"Asante, dada," Masinde akaniambia. Nilidhani ananibeza, lakini huyo mtu hajui kubeza. Akachukua madaftari yote ya sheria za kunusa, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kufuta. Ukurasa kwa ukurasa, mstari wa rula kutoka pembe hadi pembe. Arobaini na moja. Tulikaa tukimtazama, hakuna aliyethubutu kunyanyuka, chai ikaganda utando juu. Alipomaliza akasema, "Inarudi vile kitabu kinasema. Bure, kila saa, mpaka mwisho wa macho. Dadu ikitoa moja mpaka tano, pua imeziba. Zaidi ya hapo umenusa. Lakini nitarusha kila mara, kukiwa na kitu, kukiwa hakuna."

Nikarudi Kawempe nimeshinda. Binti Udi amepona, pua yake imerudishiwa nguvu zote, na katika kila mara nne atakosea moja. Nilimsimulia Mariamu, mke wa kaka yangu, ambaye ndiye peke yake anayejua ninakokwenda, nikamwigizia Masinde akisikiliza kikombe kitupu. Tulicheka sana.

Jumapili iliyofuata tulianza njiani, watu wetu wakivuka nchi ya vilima. Tukakuta jiwe lenye maandishi. "Binti Udi ananusa." Korokoro. "Hunusi kitu." Tukakuta mbuzi. Korokoro. "Hunusi kitu." Kisima. Korokoro. "Unanusa," akasema, na kisima kilikuwa kimerogwa kweli, maji yake yaliponya jeraha la Odur. Nikajikuta nimekunja vidole chini ya meza. Kila bati lilipolia, sikio langu liliruka, halafu halikuwa na pa kutua. Nikaanza kuchunguza mlio: huu mrefu, huu mfupi, huu ameutikisa kwa kusita. Nikamtazama nyusi. Nikautazama mkono wake, ule mkono wenye wino mwekundu kwenye kidole. Acan alikuwa ameweka kalamu chini na kufumba macho, nikadhani amechoka.

Masinde akasoma kutoka kwenye daftari kwa sauti yake ileile ya kusoma risiti: "Mvua kubwa inawakuta njiani, hakuna mahali pa kujificha. Mbele yenu kuna nyumba ya mabati. Mvua inashuka kwa nguvu zote juu ya paa. Mama mmoja amesimama mlangoni, anawanong'oneza: karibuni ndani, wanangu. Mnamsikia vizuri, mpaka pumzi yake."

"Binti Udi ananusa nyumba," nikasema.

Korokoro.

"Hunusi kitu."

Ulikuwa mlio mfupi. Mfupi, nikajiambia, ni wa kutikisa tu, wa kutimiza ahadi. Odur akanigeukia kwa adabu. "Nnyabo, mimi natupa jiwe kwanza?"

"Jiwe la nini?" nikamwambia. "Nimeshanusa." Ukweli ni kwamba niliona haya. Binti Udi ninayemjua hatupi mawe mlangoni kwa watu. Mawe ni ya wasiojua.

"Ngoja, anti," akasema Acan, bado kafumba macho. "Mzee, tafadhali soma tena hiyo ya mvua."

Akaisoma tena. Neno kwa neno, paa, mama, pumzi. Niliisikiliza yote nikitazama mkono wake, na sikusikia chochote.

"Binti Udi anaingia," nikasema.

Masinde aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Una hakika, dada?"

"Nimesema anaingia."

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na machimbo ya mawe, marefu kwenda chini, na Binti Udi alikuwa ameshainua mguu. Masinde aliniambia nirushe mwenyewe, mbele ya watu wote, kumi na moja au zaidi anashika ukingo. Nikarusha. Dadu lilizunguka juu ya meza, likagonga sahani ya mihogo, likatulia kwenye tatu.

"Pole sana, dada Zahara," akasema.

Acan alifumbua macho. "Mvua juu ya bati, na mama ananong'ona," akasema, karibu kwa kunibembeleza. "Anti, kwa nyumba ya bati mvua ikinyesha husikii hata mtu anapiga kelele."

Odur akajipiga kofi la paji la uso. Na mimi, niliyezaliwa chini ya bati, niliyekulia katika duka ambalo mvua ikianza tunaacha kuuza kwa sababu hatusikii bei, mimi nilikaa pale uso unanichoma. Hasira ikaniokoa kwa dakika moja.

"Kumbe ndivyo," nikamwambia Masinde. "Nimekutukana, umekwenda ukajifunza hila. Tangu lini unaficha alama ndani ya maneno?"

Hakukasirika. Aliuondoa ukuta wa boksi, akaulaza chini, ndiyo mara ya kwanza nauona upande wake wa meza. Akavuta rundo la madaftari ya hadithi, ya zamani kabisa, mengine majalada yametoka, akafungua moja akanigeuzia. Kando ya kila kiini macho palikuwa na neno moja jekundu, limepigiwa mstari kwa rula: Alama. Daraja: halina kivuli mtoni. Mfalme: nzi hawatui kwenye nyama yake. Bustani: maua mengi, nyuki hakuna. Akafungua jingine. Mbwa: amelala kwenye vumbi, vumbi halina alama. Malkia: anapunga mkono, bangili hazilii. Mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba. Hakuna alipokosa.

"Nilizisoma zote kwa sauti," akasema. "Kila moja. Nilijua dadu peke yake haiwezi kutosha, lazima mtu akisikiliza vizuri aweze kujua. Nilidhani kunusa inawaamsha, halafu hizi ndizo mnasikia. Nilikuwa namwambia Mama Nakhisa, hawa watu ni wakali, hakuna kitu inawapita." Akafunga daftari. "Kumbe ilikuwa kikombe."

Nabalayo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Sikuweza kumtazama. Nikaichukua karatasi ya Binti Udi, imelainika kwa miaka minane ya kukunjwa, nikaichana vipande vinne, kwa sababu ndiyo sheria. Masinde alisema si lazima leo. Nikasema sheria ni sheria.

Nilishuka ngazi peke yangu. Hapakuwa na wa kumwigiza. Nilikuwa nimefika chini, karibu na geti, pale alipokuwa akikaa zamani na vitabu vyake, ndipo nikakumbuka viatu vya Rafiq. Mubende msimu wa mvua ni tope jekundu, linakushika hadi kwenye kifundo, na likikauka halitoki kwa siku nyingi. Miaka mitatu alirudi kutoka kununua kahawa na viatu vyake vinang'aa. Alivivua mlangoni, akaniita, na mimi ndiye niliyeviokota kwa mikono yangu nikaviweka chini ya kitanda.